Kontakta kwenye umeme wa sola: kuwasha ni rahisi, kuzima ndiyo kazi

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za ubwiri unga na mbu wa mikorosho, tunaingia kwenye banda la pampu. Najua kuna atakayesema, "Bwana shamba, mambo ya umeme yanakuhusu nini?" Yananihusu. Nyanya iliyokosa maji siku tatu wakati wa maua haiulizi kama ni ukame au ni koili iliyoungua. Inadondosha maua tu, na mkopo wako unabaki palepale.

Mimi ni mtu wa mimea, siyo fundi umeme. Haya ninayoandika nimejifunza kwa kusimama pembeni ya mafundi, kwa kuuliza maswali ya kijinga, na kwa kuona vitu viwili vikiungua: kimoja Masasi, kingine Newala. Nitawaeleza vyote viwili, kwa sababu kila kimoja kina somo lake.

Kwa nini jambo hili ni letu

Anayeijua nchi hii anajua shida ilipo. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga unakunywa mvua yote, mito hakuna, na maji yako chini mno. Tangu miaka ya 1950 maji ya Newala yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni kuletwa juu. Kwa hiyo juu kule mkulima ana njia mbili: avune maji ya bati wakati wa masika na kuyahifadhi kwenye tanki la ardhini, au apandishe maji kutoka bondeni. Masasi wao wako chini ya uwanda. Wana mabonde yenye visima vifupi, lakini mvua ni ileile ya msimu mmoja: ikikata mwezi Aprili, mpaka Novemba au Desemba unategemea kisima chako.

Ndiyo maana vijana wengi wameingia kwenye pampu za sola. Hilo ni jambo jema, jua tunalo. Ila umeme unaotoka kwenye paneli na kwenye betri ni DC, yaani unakwenda upande mmoja bila kugeuka. Umeme wa TANESCO ni AC, unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Vifaa vingi madukani kwetu vimetengenezwa kwa ajili ya AC, na kwa macho vinafanana kabisa na vile vya DC. Hapo ndipo hela zinapotelea.

Kontakta ni nini?

Kontakta ni swichi kubwa inayowashwa na swichi ndogo. Tuseme una boya kwenye tanki linalotakiwa kuzima pampu maji yakijaa. Boya lenyewe ni dogo, haliwezi kubeba umeme wote wa pampu. Basi boya linaiamrisha kontakta, na kontakta ndiyo inabeba mzigo.

Ndani yake kuna vitu viwili. Mimi naviita tumbo na mdomo.

Tumbo ni koili: waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Ukiipa umeme inakuwa sumaku na kuvuta chuma kingine, unasikia "tak!" Ncha za koili zimeandikwa A1 na A2.

Mdomo ni pointi: vipande vya aloi ya fedha vinavyokutana na kuachana. Kontakta ya kawaida ina njia tatu za mzigo: 1 kwenda 2, 3 kwenda 4, na 5 kwenda 6. Huwa kuna pointi ndogo za pembeni pia: 13 na 14 hufunga koili ikivuta, 21 na 22 hufunguka koili ikivuta.

Shika jambo hili, ndilo somo lenyewe la leo: tumbo na mdomo ni maswali mawili tofauti. Unaweza kupata kontakta yenye tumbo sahihi na mdomo usiofaa. Ukienda dukani uliza yote mawili. Tuanze na tumbo.

Masasi: tumbo lililoungua

Kijana mmoja, bonde fulani la Masasi, ana robo tatu ya eka ya nyanya. Ana pampu ya volti 24 inayovuta kisimani kupeleka kwenye tanki la juu, na betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Fundi akamwekea kontakta iliyoandikwa 24V. Pampu 24, betri 24, kontakta 24. Nani angekataa?

Baada ya muda mfupi nikapigiwa simu. "Bwana shamba, banda linanuka plastiki." Nilipofika koili ilikuwa imeyeyuka na pampu imesimama. Tukasoma kibandiko vizuri. Pembeni ya ile 24V kulikuwa na kialama kidogo cha wimbi, ~, na maneno "50/60 Hz". Ilikuwa koili ya AC.

Kwa nini iungue wakati volti ni zilezile? Kwenye AC, umeme ukiwa unageukageuka, koili yenyewe inaukinza. Ule mzunguko wa waya kwenye chuma unafanya kazi kama breki. Kwenye DC breki hiyo haipo, kinachobaki ni ukinzani wa waya mtupu. Ukipima koili ndogo ya AC ya volti 24 kwa multimita unaweza kupata kama ohm 6 tu. Gawanya 24 kwa 6: ampea 4. Zidisha kwa volti 24: wati 96. Wati 96 ndani ya kidude kinachoenea kiganjani, hiyo sasa ni pasi. Koili hiyohiyo ikiwa kwenye AC yake ingetumia kama theluthi moja ya ampea na kukaa mwaka mzima bila shida.

Koili ya DC ya volti 24 imezungushwa tofauti. Ukiipima unaweza kupata kama ohm 110, nayo inakula wati 5 hivi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Nenda dukani na multimita yako, weka kwenye ohm, gusa A1 na A2. Ukikuta namba ndogo ya tarakimu moja kwenye koili unayoambiwa ni ya DC ya volti 24, iache hapohapo. Isipokuwa koili za kisasa zenye saketi ya elektroniki ndani: hizo multimita haikupi jibu la kuaminika, soma maandishi tu.

Maandishi yenyewe yasome hivi:

- Alama ya wimbi ~, au neno Hz, maana yake ni AC.
- Alama ya mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake, au herufi DC, maana yake ni DC.
- Kampuni zina herufi zao. Kwa mfano kontakta za Schneider Electric za jamii ya LC1D: zinazoishia na B7 ni koili ya volti 24 ya AC, BD ni volti 24 ya DC, JD ni volti 12 ya DC, na M7 ni volti 220 ya AC. B7 na BD zinapishana herufi moja tu, lakini moja itakaa na nyingine itaungua.

Kuna mtego mwingine. Betri mbili zinaitwa volti 24, lakini haziko 24 muda wote. Zikiwa zinachajiwa saa sita mchana zinaweza kufika 28.8, zikichoka zinashuka mpaka 22 au chini. Koili ya kawaida imehakikishiwa kati ya asilimia 85 na 110 ya volti zake, yaani 20.4 hadi 26.4. Unaona tatizo? Mchana uko juu ya kiwango, koili inapata joto kila siku na kuchakaa mapema. Uliza koili ya DC ya wigo mpana. Zipo zinazovumilia mpaka asilimia 125, yaani volti 30. Hizo ndizo za sola.

Na volti zikishuka sana koili haishiki vizuri. Inavuta, inaachia, inavuta, unasikia inatetemeka kama cherehani. Kila mtetemo ni cheche kwenye pointi. Ukisikia hivyo zima kwanza, kisha utafute volti zimepotelea wapi. Mara nyingi ni waya mwembamba.

Newala: mdomo ulioungua

Kisa cha pili ni kikubwa zaidi. Kikundi cha vijana kilikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho iliyobebeshwa, mwezi Novemba, mvua bado haijashika. Pampu iko bondeni, inapandisha maji kwenye tanki la kitaluni. Paneli sita mfululizo, kila moja kama volti 40 ikiwa haina mzigo, jumla 240 za DC, zinaingia kwenye kidhibiti cha pampu.

Walitaka pampu izime tanki likijaa. Fundi akaweka kontakta katikati ya paneli na kidhibiti. Safari hii koili ilikuwa sahihi, ya DC, inalishwa na betri ndogo. Pointi ziliandikwa ampea 25, volti 400. Akasema, "Mia nne ni kubwa kuliko mia mbili na arobaini, tatizo liko wapi?" Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano saa saba mchana tanki likajaa, boya likaamrisha kuzima, pointi zikaachana, na umeme haukukatika. Uliruka katikati ya pointi ukawa ulimi wa moto, ukaendelea mpaka boksi la plastiki likashika. Kijana aliyekuwa zamu alimwagia mchanga, na alifanya vizuri sana kutotumia maji. Kwenye kona ya banda hilohilo kulikuwa na mifuko miwili ya salfa iliyobaki msimu wa kupulizia. Salfa inawaka, na vumbi lake hewani linaweza kulipuka. Sipendi kufikiria ingekuwaje.

Hakuna aliyeumia. Lakini kitalu kilikaa siku tano bila pampu, na wanajua wenyewe walipoteza miche mingapi wakibeba maji kichwani.

Zile volti 400 zilikuwa za AC. Umeme wa AC ukigeuka unapita kwenye sifuri, mara 100 kwa sekunde. Pointi zikiachana cheche inatokea, lakini ndani ya muda mfupi umeme unafika sifuri na cheche inakufa yenyewe. DC haina sifuri, inasukuma tu.

Wewe mkulima unalijua hili kwa njia nyingine. Ukichoma takataka za shamba na moto ukataka kutoroka, kama upepo unavuma kwa vipindi unasubiri utulie, unapiga kwa matawi, umeshazima. Kama upepo hautulii hata kidogo, matawi yaleyale hayatoshi. DC ni upepo usiotulia. Ndiyo maana nasema kuwasha ni rahisi, kuzima ndiyo kazi.

Chagua mdomo wa DC

Usisome namba ya kwanza uliyoiona kwenye kontakta. Tafuta mstari wa DC kwenye kibandiko au kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kuna makundi ya matumizi:

- AC-1 na AC-3 ni za umeme wa AC. AC-3 ndiyo ya mota za kawaida za AC. Kwenye sola haikuambii chochote.
- DC-1 ni mzigo mpole wa DC, kama hita.
- DC-3 na DC-5 ni mota za DC. Mota ni mzigo mgumu: inavuta umeme mwingi inapoanza, na inapozimwa inasukuma cheche ndefu.

Angalia ampea kwa volti zako na kwa kundi lako. Kontakta moja inaweza kubeba ampea nyingi kwenye volti 24 za DC, halafu kwenye volti 220 za DC ikabeba kidogo sana kwa njia moja, au isiruhusiwe kabisa.

Njia ya kuisaidia ni kufunga njia zake tatu mfululizo, kama mtengenezaji anaruhusu. Umeme unaingia 1, unatoka 2. Kipande cha waya kinatoka 2 kwenda 3. Unatoka 4, kipande kingine kwenda 5. Unatoka 6 kwenda kwenye mzigo. Kontakta ikifunguka cheche inakatwa sehemu sita badala ya mbili.

Kontakta zilizotengenezwa hasa kwa DC mara nyingi zina sumaku ndani ya kuvuta cheche nje. Hizo pointi zake za mzigo zinaweza kuwa na alama ya + na −. Heshimu alama hizo. Ukigeuza, sumaku inasukuma cheche ndani badala ya nje. Breka za DC nazo ziko hivyo, nyingine zina upande. Na breka ya AC ya nyumbani usiipachike kwenye paneli, inakwama palepale ilipokwama kontakta ya Newala.

Lakini je, unaihitaji kweli?

Fundi mmoja mzee alikuja Newala kukagua. Alitazama boksi lililoungua, akatazama kidhibiti, akacheka kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "huu mlango walikuwa nao tayari, wakavunja ukuta."

Kidhibiti chao kilikuwa na sehemu za kufungia boya la tanki na kipimo cha maji ya kisimani. Vidhibiti vingi vya pampu za sola vinazo. Boya linatuma ishara ndogo, kidhibiti kinapunguza na kusimamisha pampu chenyewe kwa utaratibu, bila kukata umeme mkubwa wa paneli. Kontakta ikatolewa kabisa. Boya likafungwa kwenye kidhibiti, na katikati ya paneli na kidhibiti ikabaki swichi ya DC ya kukatia wakati wa matengenezo. Gharama ikashuka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama kuna kidhibiti, zima kwa ishara ndogo. Usikate umeme mkubwa wa paneli pampu ikiwa inafanya kazi. Kukata ghafla na kurudisha ghafla kunaweza pia kukiumiza kidhibiti, na wakati wa kufunga ule mkupuo wa umeme unaweza kugandisha pointi. Soma kitabu chake kwanza.

Kontakta inabaki na kazi yake pale ambapo pampu inalishwa moja kwa moja na betri, kama yule kijana wa nyanya, au pampu ndogo ya kuinua maji kutoka tanki la ardhini la maji ya mvua. Huko ndiko tunakokwenda sasa.

Kufunga kontakta kwenye mfumo wa volti 24

Tuchukue pampu ya wati 300, volti 24. Gawanya 300 kwa 24: ampea 12.5. Ongeza robo yake unapata kama 15.6, basi fyuzi ni ya ampea 20. Kontakta iwe ya DC, kundi la mota, yenye ampea za kutosha na ziada, tuseme 25 kwa volti 24.

Waya nao upige hesabu. Kutoka betri mpaka pampu mita 20, kwenda na kurudi ni mita 40. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 utakula kama volti 1.5. Wa milimita 10 utakula kama 0.9. Kwenye volti 230 usingejali, kwenye 24 ni sehemu kubwa. Ukiweza, sogeza betri karibu na pampu. Ni rahisi kuliko kununua shaba.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Zima kila kitu. Toa klipu ya − ya betri. Vua pete na saa ya chuma, betri haina volti za kukuua lakini ina ampea za kuyeyusha pete kidoleni.
2. Fyuzi kubwa ya ampea 20 ikae kwenye waya wa +, karibu kabisa na betri. Ikikaa mbali, waya ulio kati yake na betri hauna ulinzi.
3. Kutoka fyuzi nenda 1 ya kontakta. Unganisha 2 na 3, 4 na 5. Kutoka 6 nenda + ya pampu. Waya wa − wa pampu urudi moja kwa moja − ya betri.
4. Sasa waya mdogo wa amri. Uanzie baada ya fyuzi kubwa, upite fyuzi ndogo ya ampea 2, kisha swichi ya mkono, kisha boya la kisimani, kisha boya la tanki, ndipo uingie A1. Kutoka A2 urudi −.
5. Boya la tanki lifunguke tanki likijaa. Boya la kisimani lifunguke maji yakipungua, ili pampu isizunguke kavu.

Unaona yote yako kwenye mlolongo mmoja? Ni kama kupokea korosho ghalani: mkaguzi wa ubora, mtu wa mizani, karani. Mmoja akikataa, gunia halipiti. Boya lolote likisema hapana, pampu inasimama.

6. Weka dayodi kwenye koili. Koili ikikatiwa umeme inarudisha teke la volti nyingi ambalo linakula pointi ndogo za boya lako. Dayodi ya 1N4007, ya bei ndogo sana, inafungwa kati ya A1 na A2, upande wenye mstari mweupe uelekee A1 ambako ni +. Ukigeuza, utachoma dayodi na fyuzi ndogo. Kabla ya kununua angalia kontakta, nyingine za DC zina kinga hiyo ndani tayari. Na kwa kontakta kubwa tumia kinga ya mtengenezaji, kwa sababu dayodi ya kawaida inachelewesha kidogo pointi kuachana.

7. Jaribu kabla ya kufunga waya wa pampu. Rudisha betri, washa swichi, sikia "tak!" Nyanyua boya la tanki kwa mkono, lazima iachie. Shusha la kisimani, lazima iachie. Ndipo ufunge pampu, uwashe, na upime volti kati ya A1 na A2 pampu ikiwa inavuta. Zikiwa chini ya 20.4 koili haina uhakika, rudi kwenye waya.

Kwa pampu ndogo za ampea 5 hivi kwenye volti 12 au 24, kuna njia ya bei nafuu: relei ya gari. Koili yake ni ya DC na pointi zake zimetengenezwa kwa umeme wa betri. Koili iko 85 na 86, mzigo unapita 30 na 87. Volti za relei zilingane na betri: ya gari dogo ni 12, ya lori ni 24. Ila isiguse mfululizo wa paneli hata siku moja.

Banda lenyewe

Salfa isikae kwenye banda la pampu. Licha ya moto, vumbi lake pamoja na unyevunyevu linageuza fedha ya pointi kuwa nyeusi, na shaba inaliwa. Boksi liwe na mpira wa kuziba, na matundu ya waya yazibwe, maana mijusi na sisimizi wanapenda joto la koili. Pointi usizipige msasa, unatoa fedha. Zikiwa zimechimbika au kuganda, badilisha.

Kila mwanzo wa kiangazi, kabla hujahamisha miche, kaza skrubu zote na unyanyue maboya kwa mkono. Dakika kumi.

Mpaka wako uko wapi

Volti 12 na 24 unaweza kujifunza kwa mikono yako. Mfululizo wa paneli wenye volti mia na kuendelea ni habari nyingine. Paneli hazina swichi, jua likiwepo zinazalisha, na volti 240 za DC zinaua. Hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe. Usiogope kumuuliza mtu mwenye ujuzi maswali yangu mawili: "Koili ni ya DC ya volti ngapi? Pointi zinabeba ampea ngapi za DC kwa volti zangu?" Fundi mzuri atajibu kwa karatasi. Akijibu "we usijali, zote ni zilezile", mshukuru, mlipe nauli yake, tafuta mwingine.

Yule kijana wa Masasi alibadilisha kontakta, akaweka dayodi na boya la kisimani. Nyanya zake za safu za mbele zilidondosha maua ya kwanza, zile za nyuma akaziwahi. Niliporudi alinifungulia boksi kabla sijamsalimia. Ndani ya kifuniko alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: TUMBO DC 24. MDOMO DC 25A. Nikamwambia aongeze tarehe.

Kazi ya nyumbani: leo jioni nenda bandani ukasome kibandiko cha kontakta yako na cha breka yako. Ukikuta kiwimbi mahali ambapo pana paneli au betri, usiiwashe tena mpaka uibadilishe.

Shamba jema.